Mtani Wangu Darajani

Asubuhi ile hapakuwa na vita. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, mzito kama ule wa Mbozi wakati wa kipupwe, na mimi na Sikanyika tulikuwa tumepewa ruhusa ya kutembea mjini mpaka adhuhuri. Mji wenyewe ulikuwa Burma, mbali mno na kwetu; hata leo nikiuota siuoni vizuri. Tulisikia una daraja la kale la mbao, lililojengwa na wafalme wao, nasi tukaenda kulitazama kwa miguu, kama mabwana wasio na kazi.

Sikanyika alikuwa Mnamwanga wa Tunduma, mimi Mnyiha wa Mbozi, sote askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alinitukana kutwa nami nikamtukana, na hakuna aliyekasirika. Lakini utani si porojo tu. Mtu akifa, mtani wake huingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akamkejeli marehemu, na hatoki mpaka wafiwa wampe kuku au pombe. Asiyetaniwa tunamhesabu amefukiwa tu, hakuzikwa.

Mbao za daraja zilikuwa zimepauka, zikilia chini ya buti zetu. Ukungu ulificha maji na ng'ambo pia, ikawa kama tunatembea hewani. Watawa wenye nguo za manjano walitupita bila sauti. Bibi mmoja aliyeketi na kikapu cha mapapai alitutabasamia. Niliona raha ambayo sijaionja tena, nikasahau bunduki begani.

"Wewe Mnyiha," akasema Sikanyika, akiegemea ukingo, "daraja hili lingekuwa kwenu, mngeshalichoma kuni."

"Lingekuwa Tunduma, mngeshalivusha mpakani mkaliuze."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika bega.

"Nikifa huku, usinililie. Kulia atalia mama. Wewe fanya kazi yako."

"Utakufa kwa ulafi, si kwa risasi."

"Niahidi, bwana."

Nikaahidi, kwa mzaha.

Ukungu ulianza kuinuka.

Ng'ambo, kwenye mianzi, kikalia kitu kidogo, kama kijiti kinachovunjika.

Sikanyika akaketi chini.

Nilidhani anatania. Nikamwambia ainuke, asichafue kaptura ya Mfalme.

Risasi ya pili ikapasua ubao karibu na goti langu. Nikalala, nikamshika mkanda, nikamburuta kuelekea mjini.

Tulipofika mwisho wa daraja, alikuwa ameshakufa.

Jioni wakachimba kaburi. Askari wakapanga mstari, Bwana Kapteni akavua kofia. Nilitaka kulia, nilitaka sana. Badala yake nikaruka kaburini, nikalala chali.

"Sitoki!" nikapiga kelele. "Mnamwanga mlafi huyu hastahili nyumba nzuri hivi! Amekufa makusudi akwepe zamu ya jikoni! Leteni pombe!"

Vijana wa kwetu wakaangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Mmoja akanirushia sigara, maana pombe haikuwapo. Bwana Kapteni aliona askari anamcheka maiti, akaamuru nitolewe kwa nguvu, nikalala lokapu. Simlaumu. Angejuaje?

Vita ilipokwisha nilikwenda Tunduma kwa mama yake. Habari ya kifo ilikuwa imeshamfika. Hakuuliza mwanawe alipigwa wapi, wala kama aliumia.

"Mtani wake alikuwapo?"

"Nilikuwapo, mama."

"Ulimtania?"

"Nilimtania mpaka nikafungwa."

Akataka nimweleze maneno yote. Nilipofika kwenye zamu ya jikoni alicheka, akajifunika khanga usoni, na mimi ndipo nikalia kwa mara ya kwanza.

Sasa nimezeeka. Watoto wangu ni watu wa kanisa, wapole, wananiheshimu kupita kiasi. Siku yangu ikifika wataimba vizuri na kusimama kwa adabu. Hakuna hata mmoja atakayethubutu kulala kaburini mwangu na kuniita mlafi. Aliyekuwa na haki hiyo yuko Burma. Yeye alizikwa ugenini, na mtani wake akiwapo. Mimi nitazikwa hapahapa Mbozi, kwa heshima tupu.