Uji wa Kiganja
Binti yangu wa kwanza alicheua kila aliponyonya. Maziwa yalimrudi kwa mdomo na pua, akaupinda mgongo, akalia. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nikiishi kwa wakwe zangu nje kidogo ya Malava, na kila leso yangu ilinuka maziwa yaliyochacha.

"Mwalimu, maziwa yako ni mepesi," mama mkwe aliniambia. "Mtoto anataka uji. Hicho chuo hakikukufunza hata kushibisha?"

Nikampeleka mtoto zahanati mjini Kakamega. Muuguzi alinichorea tumbo nyuma ya kadi ya kliniki.

"Hapa juu pana mlango, mama. Kwa mtoto mchanga bado haujakaza. Akijazwa sana, au akilazwa chali mara tu anaposhiba, chakula hupanda pamoja na asidi. Mnyonyeshe kidogo kidogo, kisha mshike wima. Ataacha mwenyewe akikua."

"Na uji?"

"Mtoto wa miezi miwili? Uji wa nini?"

Nilipomweleza mama mkwe, aliwaita majirani waje wasikie. "Eti tumbo lina mlango! Na ufunguo umeuweka wapi, mwalimu?" Wakacheka. Nami, kwa aibu, nikacheka nao.

Likizo yangu ya uzazi ikaisha. Mama mkwe akamlisha kama alivyowalisha wanawe saba: mtoto chali mapajani, kiganja kimekingwa kinywani pake kama bakuli, uji wa wimbi ukimiminwa humo hadi ufunike pua, ili ameze ndipo apate kuvuta pumzi. Niliyaona hayo asubuhi ya kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi kifuani. Nilijua. Lakini nilikuwa mke wa juzi katika boma lile, na mikono ile ilikuwa imelea watu wazima. Nikaenda kufundisha.

Wiki ya pili alianza kukohoa. Daktari alisema uji umeingia mapafuni. Alipumua kwa shida siku nne, ya tano hakupumua.

Walimlaza chali katika sanduku dogo. Nilinyoosha mikono nimwinue, nimshike wima begani, walau mara moja. Mama mkwe akanizuia, machozi yakimtoka, machozi ya kweli.

"Mwache alale, mwanangu."

Nikamwacha.