Dirisha la Tatu Kutoka Mkiani

Kwanza niseme ukweli, nisije nikaonekana najisafisha: kosa ni langu. Mteja wangu naye ana lake, na nitalisema, maana mimi si mtu wa kubeba mzigo wa mwenzangu. Lakini kubwa ni langu.

Naitwa Safiya, wengi wananiita Mama Salmini. Nakaa Kambarage, hapa Shinyanga mjini, nauza vitabu vilivyotumika. Siku za mnada nafunga mzigo wangu naenda Mhunze, natandika turubai kati ya wauza viatu vya mtumba na Salome wa karanga. Watu hunicheka, eti nani ananunua kitabu kwenye vumbi na kinyesi cha ng'ombe. Wananunua. Walimu wananunua, wanafunzi wananunua, na alikuwepo Mzee Enock Maige.

Mzee Enock alikuwa dalali wa ng'ombe miaka arobaini. Mkewe, Mariana, alishafariki. Watoto wake wawili wako Geita machimboni wanahangaika na dhahabu. Wanampigia simu Krismasi, na hata hiyo hukatika kabla salamu hazijaisha. Anakaa peke yake nje kidogo ya Mhunze, na ng'ombe wachache na mbuzi. Mtu kama huyo ungesema atanunua Biblia, au kitabu cha dawa za mifugo. Yeye alinunua vitabu vya picha za meli. Tena si meli za mizigo wala boti za ziwani. Alitaka zile meli kubwa za abiria za zamani, zilizokuwa zikivuka bahari majuma kwa majuma. Na bahari yenyewe hajaiona hata siku moja.

Sababu aliniambia mwaka wa kwanza tu tulipojuana. Alikuwa na kaka mmoja, Ndaki, na hawakuwa na mwingine. Mwaka sitini na sita Ndaki alipata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Akapanda treni hapa Shinyanga, akafika Dar es Salaam, akapanda meli. Njiani akatuma postikadi yenye picha ya meli ile, nyeupe, bomba la moshi la njano, milingoti miwili. Kwenye dirisha moja dogo la duara akaweka alama ya msalaba kwa wino wa bluu, na nyuma akaandika: hapa ndipo ninapolala. Enock alikuwa na miaka kumi. Zikaja barua mbili, halafu kimya mpaka leo. Picha ya Ndaki haipo, hawakuwahi kupiga. Postikadi mama yao aliiweka sandukuni, na mchwa wakaila sanduku na vilivyomo. Basi kitu pekee alichobaki nacho ni kumbukumbu ya dirisha, na dirisha nalo lilianza kumpotea. Alitaka kuliona tena kabla hajafa. Ndivyo alivyosema, bila kuzungusha maneno.

Nilikwenda kwake mara moja kuona hivyo vitabu. Alikuwa navyo kumi na kimoja, juu ya mbao alizoziinua kwa matofali, na kwenye kila tofali kamwaga majivu ya kuzuia mchwa. Kila kitabu kiko ndani ya mfuko wake wa salfeti, umefungwa kamba. Akanipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye sahani, akakaa kunitazama ninavyokula, na nilipomaliza akaniongeza bila kuniuliza. Nikajua hapo kwamba haijapata kuliwa sahani ya pili ndani ya nyumba ile tangu Mariana aondoke. Nilikula mpaka tumbo likauma, kwa huruma tu.

Sasa, kuchagua kwake. Lo! Jamani, yule mzee alikuwa anachosha. Kitabu alikizunguka. Nasema alikizunguka, na fimbo yake, kama anayemkagua maksai. Akimaliza anachuchumaa, anakipima uzito mkononi, anavuta gamba, ananusa. Halafu ndipo afungue. Meli iliyozama alikataa, hata kama picha zake ni nzuri namna gani; alisema kitu kilichokufa maji hakiingii nyumbani kwake. Hizi za kisasa zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa alikataa pia, akasema ni gesti imetupwa majini. Kitabu chenye picha za watu wanacheza dansi ukumbini hakikumfaa, maana Ndaki asingekuwa ukumbini. Alitaka michoro ya ubavuni, madirisha yote yaonekane. Na Kizungu hasomi, ni picha tu.

Na hata akikipenda hasemi. Hiyo ndiyo sheria ya madalali: ukimsifia ng'ombe mbele ya mwenyewe, umeshajikaba koo. Kwa hiyo kitabu anakitukana. Atasema kitabu kimekonda, kina kiroboto, mgongo umepinda. Kisha anaondoka zake bila kugeuka. Mnada unaofuata anarudi, anakitukana tena kidogo, anakichukua. Vitabu vyote kumi na kimoja vilikwenda hivyo. Mimi nacheka, namrudishia matusi yake, maana baba yangu alikuwa Mzaramo na Wasukuma ni watani zetu. Tuliishi hivyo miaka sita, na nasema kweli, nilikuwa nafurahia. Salmini wangu yuko mbali, na nyumbani kwangu pia hakuna anayenitukana.

Basi, kuna kijana mtu mzima anaitwa Abel, anakusanya vitu vya wageni wanaohama Kahama. Tangu mgodi wa Buzwagi ufungwe nyumba nyingi zilibaki na maboksi, na Abel anajua kila boksi lilipo. Nilimsumbua yule bwana mwaka mzima: nitafutie meli, meli nyeupe, bomba la njano. Siku moja akaniletea kitabu kikubwa kama sinia, michoro mitupu, meli moja imelazwa kurasa mbili za katikati kutoka kichwa mpaka mkia. Nyeupe. Bomba la njano. Usiku ule nilikiweka juu ya kabati, na alfajiri nikakifunga kwenye kanga yangu mpya nikaenda nacho Mhunze.

Alikuja saa nne. Nikamwamkia, akaitika, nikamwonyesha. Akakizunguka. Akachuchumaa, akapima, akanusa. Akaanza kufunua taratibu, jani kwa jani, akafika katikati. Hapo akaacha kufunua. Akatoa leso akajifuta uso, nikasema ni vumbi, maana lilikuwepo. Akakifunga.

"Karatasi imechoka," akasema. "Na huyu aliyechora hajui meli."

Akainuka na fimbo yake akaenda zake.

Mwenzenu nilikaa pale kama nimemwagiwa maji. Siku nyingine ningecheka. Lakini nilikuwa nimekihangaikia kile kitabu mwaka mzima, na nilikuwa nimengoja uso wake ubadilike. Kwetu mtu akikiona alichokitafuta maisha yake yote atalia, atapiga ukelele, watu wajae. Huyu hakutikisika. Nikajiambia basi siyo yenyewe, kumbe nimehangaika bure. Na juu ya hayo ametukana kazi yangu bila hata ahsante. Hasira zikanipanda hizo, mpaka masikio yakawa ya moto.

Jioni Salome akaja kuniomba karatasi za kufungia karanga, kama kawaida yake. Huwa nampa vitabu vilivyooza. Nikampa rundo, na juu ya rundo nikaweka kile kikubwa. Nikamwambia chukua na hiki, karatasi zake zimechoka. Nilisema kwa sauti, nikitumaini mzee yuko karibu asikie. Hakuwepo. Hasira hasara, nimelisikia hilo neno tangu nanyonya, na bado.

Mnada uliofuata Mzee Enock aliwahi kuliko mimi. Nilimkuta amesimama mahali ninapotandika, amevaa koti la kanisani, amenyoa ndevu. Hakusubiri hata nitue mzigo.

"Nimekuja kumchukua yule," akasema.

Nikamuuliza yupi, na hali najua. Akasema yule mkubwa, mweupe. Nikamwambia, kitabu sinacho, nimempa Salome wa karanga. Hakunielewa mara ya kwanza, ikabidi niseme tena.

Tulikwenda kwa Salome sote wawili, hatua ishirini tu, na zile hatua sitazisahau. Salome, maskini, hakuwa na kosa. Akasema karatasi ile ilikuwa ngumu, safi, haipitishi chumvi, alianza nayo siku ileile na wateja waliipenda. Yalibaki magamba mawili. Halafu akakumbuka, akatuingiza ndani ya kibanda chake. Jani moja lilikuwa zuri mno, akaona uchungu kulichana, akalibandika ukutani kwa uji wa ngano. Ilikuwa meli, nusu ya mbele. Kichwa, mlingoti mmoja, bomba la njano. Nusu ya nyuma ilikuwa kwenye jani la pili, nalo limekwenda na karanga.

Mzee Enock aliitazama muda mrefu. Akaweka kidole pale picha inapokatika, pembeni, kwenye mbao tupu.

"Nililiona," akasema. "Wiki ile nililiona, Mama Salmini. La tatu kutoka mkiani, chini ya mashua ya kuokolea. Lilikuwa palepale."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kama vile yeye ndiye aliyechana kurasa.

"Miaka arobaini nimenunua ng'ombe," akasema. "Mdomo ulijisemea wenyewe. Nilikuwa nakwenda kuuza mbuzi nirudi."

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Salome alilibandua lile jani kwa kisu na maji ya uvuguvugu, polepole, likatoka zima. Mzee akalikunja mara moja, akalitia ndani ya koti, akatushukuru sote wawili kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, akaondoka. Nikalia pale kwa Salome mchana kweupe, watu wakidhani nimefiwa.

Tangu siku hiyo nikinunua karanga, popote, iwe Shinyanga iwe Kahama, namwaga karanga kwenye kiganja nafungua karatasi kwanza. Nimesoma mitihani ya watoto, risiti za dawa, barua za mapenzi. Meli sijaiona. Abel naye anatafuta, anasema kitabu kama kile hajakiona tena, na sitegemei atakiona.

Mzee Enock bado anakuja mnadani. Namwamkia, anaitika, ananiuliza hali ya Salmini. Nikimwonyesha kitabu anakipokea, anakitia kwapani, analipa, anakwenda. Hakizunguki. Hakinusi. Juzi nilimfanyia makusudi: nikampa kitabu cha ufugaji wa kuku, gamba limetafunwa na panya, picha zenyewe za kuku wagonjwa. Nikasimama mbele yake mikono kiunoni nikisubiri. Nikasema moyoni, mtani, nitukane, sema kitabu hiki kina kideri, sema mwenye kukiuza hana haya.

Alikipokea kwa mikono miwili, akasema wabeja mama, akakichukua.