Mkoromo Uliozaliwa Ndani ya Filta

Nilipostaafu ualimu nilichukua leseni ya redio za ridhaa, zile za watu wanaozungumza kwa kupenda tu, bila biashara. Kila saa kumi na moja jioni, nikiwa nyumbani Kitaji, hapa Musoma, nilikuwa naongea na rafiki yangu wa Bunda, fundi viatu aliyeijua redio kabla yangu.

Halafu mkoromo ukaanza kuingia kwenye maongezi yetu, kama mtu anayesema huku ana maji mdomoni. Nililaumu friji ya jirani yangu, mama anayeuza samaki aina ya sato. Nilimwendea, nikamweleza, naye hakubisha.

"Nitaizima saa hiyo, Mwalimu."

Aliizima wiki nzima. Mkoromo haukuisha. Moyoni nikasema huyu mama ananidanganya, na kesho yake salamu yangu ikawa ya nusu mdomo.

Jumamosi moja yule fundi viatu alikuja Musoma kununua ngozi, akapita kwangu. Alikaa mbele ya redio, akafumba macho.

"Mwalimu, umesema hii ni friji?"

"Ndiyo."

"Friji gani inasoma habari kwa Kiarabu?"

Nilisogeza sikio. Kweli, ndani ya mkoromo mlikuwa na maneno, na chini yake ngoma za kituo kingine. Akapunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia kutoka kwenye waya wa nje. Vituo vya kweli vilififia kidogo tu, lakini mkoromo ulitoweka wote.

"Huo hautoki nje," alisema. "Unazaliwa humu. Hebu toa filta yako."

Filta ile niliitengeneza kwa mikono yangu, ichuje mawimbi nisiyoyataka. Nilikuwaga naionyesha kwa kila mgeni. Niliitoa, nikaunga waya moja kwa moja. Mkoromo ukakatika.

Akanionyesha ndani ya filta vipete vyeusi nilivyozungushia nyaya, vidogo kama vifungo vya shati. Vituo viwili vyenye nguvu vikipita humo kwa pamoja, alisema, vipete vinalemewa, na mawimbi yanachanganyika kuwa sauti ya tatu ambayo hakuna aliyeitangaza.

Sikuona aibu juu ya vipete. Aibu ilikuwa ya upande wa pili wa ua. Nilikwenda kwa yule mama kabla hajaondoka kwenda gengeni.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Kosa lilikuwa langu. Friji yako haina hatia."

Alicheka. "Mwalimu, ile wiki nilikuwa nabebaga samaki mpaka kwenye friji ya dada yangu kule Nyakato, wasiharibike. Nilidhani unaongea na watu wa maana."

Nilimwambia naongea na fundi viatu, na akacheka tena, safari hii mpaka akashika mlango.

Niliisuka filta upya kwa vipete vikubwa. Ya kwanza iliharibika, ya pili ikakubali. Jioni hiyo Bunda ilisikika safi, nikamsimulia rafiki yangu habari ya samaki na Nyakato. Akasema nimpelekee yule mama salamu zake.