Eufrazia na Do ya Mwalimu Castory

Kwa miaka sita sisi masoprano wa kwaya tuliimba kwa sauti ya wanaume, na lawama zote tukautupia mlima. Mwalimu wetu Castory ndiye aliyetufundisha kusema hivyo. "Ni baridi ya Uluguru," alikuwa akituambia. "Piano ikikaa chini ya mlima, sauti inashuka." Tukaitikia kama kondoo. Mimi Winfrida nilikuwa mmoja wao, na hasira yake ninayo hadi leo.

Jubilei ya parokia ilipokaribia, tulikodi matarumbeta ya Ahmadi, yale yanayopigwa harusini. Mazoezi ya Jumatano, matarumbeta yakaenda huku, piano ikaenda kule, mbwa wa jirani wakabweka. Mwenyekiti wa kamati akasema amechoka: ikifika Jumapili ya jubilei piano haijapatana na matarumbeta, itatolewa nje na mbao zake atapewa seremala.

Ndipo akaitwa Eufrazia Mkude.

Eufrazia ni mtu wa Mgeta, miaka arobaini na mitatu, mfupi, si msemaji. Anaishi kwa kufuma sweta za wanafunzi, maana piano za Morogoro ni za kuhesabu kwa vidole, na fundi wa piano peke yake angelala njaa. Ufundi wenyewe aliupata usichanani, alipokuwa akipika kwa masista. Sista Veronika alijua kukaza nyuzi za piano, ila masikio yake yalikuwa yamechoka kwa uzee. Basi Sista akashika spana, Eufrazia akasikiliza.

"Bado zinagombana, Sista."

"Na sasa?"

"Sasa zimepatana."

Miaka minne walifanya hivyo, na piano waliyoanzia ndiyo hii yetu. Aliposikia habari ya seremala alikuja mbio, nyuzi za sweta bado zimemganda kwenye gauni.

Alitoa chuma chake cha kupimia sauti, chenye meno mawili, akakigonga gotini, akakisimamisha juu ya ubao wa piano. Kikalia sauti moja nyembamba, iliyonyooka. Mwalimu Castory hakungoja aulizwe. Akabonyeza do.

"Unasikia? Sawasawa kabisa! Piano hii niliikaza mwenyewe, kwa chuma kama hichohicho. Shida ni hayo matarumbeta ya harusi."

Na kweli, sauti zilikuwa sawasawa. Eufrazia akakunja uso.

"Mwalimu, chuma chako kimeandikwa herufi gani?"

"A."

"Na hiyo A ni sauti gani?"

"A ni herufi ya kwanza. Na ya kwanza katika kuimba ni ipi kama si do?"

Jamani! A ni la, ile ya do-re-mi-fa-so-la. La ya kile chuma iko chini ya do. Mwalimu akaivuta do mpaka hapo, na ndugu zake wote wakashuka nayo. Miaka sita tunausingizia mlima! Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi, Eufrazia alikuwa anazitazama nyuzi, wala hacheki. Kuzipandisha umbali wote huo, nazo zimezeeka, zingeweza kukatika, na hapo seremala angekuwa ameshapata mbao zake.

"Zikikatika tusilaumiane," Castory akasema.

"Zikikatika nitalia mwenyewe."

Haraka haraka haina baraka, naye alilijua hilo. Alhamisi alizipandisha zote kidogo, akaziacha zipumzike. Ijumaa akazipandisha tena. Jumamosi akaitafuta la. Kitufe hicho kina nyuzi tatu. Mbili akaziziba kwa kipande cha blanketi, ya tatu akaikaza huku chuma kinalia. Mwanzoni sauti ya uzi na ya chuma zilitikisika pamoja, wa-wa-wa. Akavuta spana kidogo sana. Wa... wa... kisha zikatulia, zikawa moja. Kutoka kwenye la hiyo akazipanga nyingine zote kwa sikio lake, bila simu wala mashine. Mchana uzi mmoja mnene ulilia ta! nikashika kichwa. Kumbe uliteleza tu kwenye msumari wake. Hadi jua linazama, hakuna hata mmoja uliokatika.

Jumapili Ahmadi alipuliza tarumbeta, piano ikamjibu, zikashikana. Kwenye aleluya ya mwisho masoprano tulipanda hadi juu kabisa, mahali ambapo hatukuwahi kufika tangu chuma kile kibatizwe do. Machozi yalinitoka na sioni aibu kusema. Kanisa zima lilisimama. Mwenyekiti alipiga makofi kuliko watu wote, na baada ya misa akatangaza kwamba piano haitoki.

Eufrazia alikuwa amekaa benchi la nyuma. Castory, mzee wa miaka sitini na minane, akamfuata mbele ya kwaya nzima. Nilidhani anakwenda kutafuta kisingizio kingine. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwingine angeona haya kuamkiwa na mzee. Eufrazia alisimama wima.

"Marahaba," akaitikia, na masoprano wote tukapiga vigelegele.