Kupanda Elgon na Mkanda Tumboni

Tuliondoka Kariobangi, Nairobi, kwa sababu ya uvumi. Mke wangu Nanjala alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji, alikotunza wazee kwa miaka kadhaa, na alirudi amepungua sana mwili. Miaka hiyo ya tisini, mtu akikonda mtaani kwetu hakuulizwa kitu, alinong'onezwa tu. Ugonjwa ule ulikuwa umetuzikia majirani, na kila nguo iliyopwaya ilihesabiwa ni yake. Maneno yakafika hadi kwao. Jumapili moja, muumini mwenzetu aliyetoka huko akamwambia Nanjala mlangoni mwa kanisa, "Mama yako halali. Ameambiwa unarudi kufia nyumbani."

Ukweli ulikuwa mwingine. Huko Ubelgiji Nanjala alinenepa hadi magoti yakashindwa na ngazi, na presha ikapanda. Madaktari wakampasua, wakamfunga kwa ndani mkanda laini wa mpira sehemu ya juu ya tumbo, wenye maji ndani yake, ili chakula kidogo kimshibishe na apungue. Maji yakiongezwa kwa sindano, mkanda unabana, yakipunguzwa, unalegea. Kule kwenye nchi tambarare iliyo karibu na bahari ulimkaa vizuri. Lakini tangu ashuke ndege Nairobi, ulikuwa umembana. Daktari tuliyemwona mjini alikiri hajawahi kuona kitu kama hicho. Tukapiga simu Ubelgiji kutoka kibanda cha posta. Muuguzi akasema wapo wagonjwa wanaolalamika hivyo wakiwa kwenye ndege au milimani, na kwamba wao wenyewe hawana hakika ni kwa nini. "Akishindwa kumeza hata maji, msingoje. Mteremsheni."

Na kwao Nanjala ni mlimani Elgon, juu ya Endebess, karibu na msitu.

"Twende tu, Mutuku," akaniambia. "Mama anione kwa macho yake."

Asubuhi ya safari, kijana tuliyepanga naye kwenye ploti yetu alinikuta nimebeba mizigo. "Niaje, mzee? Unampeleka ushago?" Aliitaja safari hiyo ya kijijini kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Nanjala alisikia. Alifunga kitambaa chake kichwani vizuri, akampa mkono, tukaenda kupanda basi.

Nakuru tulishuka kula. Yeye alichukua chai na ndizi moja mbivu, akaitafuna kidogo kidogo kama anayeisomea. Nilikuwa nimejifunza kula polepole ili nisimalize kabla yake. Chipsi zangu zilipoa, nazo nikazila hivyo hivyo.

Kuelekea Timboroa barabara ilipanda, ukungu ukaziba madirisha, baridi ikaingia. Nanjala alinishika mkono. "Chai imesimama hapa," akasema, akijigusa chini ya kifua. Mate yalimjaa mdomoni, akawa anayatema kwenye leso. Nilivua koti nikalishika kama pazia ili abiria wa upande wa pili wasimwone. Tulipoteremka kuelekea Eldoret kilichosimama kikapita, naye akalala begani kwangu hadi Kitale, tulikolala kwa binamu yake.

Kesho yake pikapu ilitupandisha hadi langoni kwa mama mkwe. Mama alikuwa amesimama akingoja. Hakusalimu kwanza. Alimpapasa Nanjala mikono, mabega na mgongo, kama unavyompapasa mtoto aliyeanguka kutoka mtini. Kisha akaagiza jogoo achinjwe.

Mezani palikuwa na kuku na ugali wa wimbi. Nanjala alijua ugali ni adui, lakini alimega tonge kwa mapenzi, akalitafuna muda mrefu, akameza. Muda si muda akatoka mbio. Sote tulimsikia akitapika nyuma ya nyumba. Mama aliingia jikoni, na kilio chake cha chini kikatufikia sebuleni.

Kwetu Ukambani, na kwao Wabukusu vilevile, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Haingii jikoni mwake, wala hamsimulii mambo ya mwili wa binti yake. Lakini Nanjala alikuwa amelala, hawezi kusema. Nilikwenda nikasimama nje ya jiko, uso nimeuelekeza kwenye mahindi, nikazungumza huku kiwambaza kikiwa kati yetu.

"Mama, unisamehe. Nina maneno ya aibu."

Kilio kilikatika. "Sema, mkwe wangu. Nasikia."

"Tumbo la Nanjala limefungwa, likawa na shingo kama kibuyu. Uji unapita, tonge linaziba. Na huku juu shingo hiyo inazidi kubana."

"Si ule ugonjwa?"

"Siyo, mama. Tulipimwa sote wawili."

"Basi hajakikataa chakula changu?"

"Amekitamani tangu Ulaya."

Nikasikia akicheka na kulia pamoja, kisha sufuria ikagonga mafiga. Alitengeneza supu nyepesi. Haikupita. Kufikia alasiri hata maji yalirudi. Nilimweleza mama maneno ya muuguzi nikiona haya, maana alikuwa amemngoja binti yake miaka mingi, nami nataka kumwondoa siku hiyo hiyo.

Mama alivaa gauni lake la kanisani, akamwachia jirani ng'ombe. "Mimi nilikuwa namngoja mtoto," alisema. "Nyumba itabaki. Tushuke."

Webuye, kwa mdogo wake mama mkwe, tulikofika usiku huo, kuna joto na ni chini sana kuliko mlimani. Tulipoamka, maji yalipita. Kisha uji. Mchana mama akapika mrenda, mboga inayoteleza, akakaa na kijiko mbele ya binti yake.

"Fungua mdomo."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Fungua."

Ulipita. Kijiko cha pili nacho kikapita. Mama mdogo wa Nanjala alipiga kigelegele, sisi wengine tukacheka hadi machozi. Tulikaa hapo wiki nzima, na mama hakutaja shamba lake hata mara moja.

Wakati wa kurudi, Nanjala alivuka Timboroa kwa mafunda ya maji ya uvuguvugu tu, akafika Nairobi salama. Miezi kadhaa baadaye, daktari mgeni aliyekuwa akipita mjini alimpunguzia maji kidogo kwenye mkanda, na tangu hapo anakula vizuri akiwa kwetu. Mwili haukumrudia, na presha imetulia. Majirani aliwaeleza mwenyewe, mferejini tunapochota maji, akawaonyesha na kovu.

Sasa kila Krismasi mama huteremka Webuye, nasi tunamkuta huko. Watu huniuliza nilijifunza nini safari ile, nami huwajibu nilichokiona kwa mama mkwe: ukimpenda mtu, unamfuata hadi pale anapoweza kumeza.