Valvu za Redio ya Baba

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, valvu ya kwanza iliwaka. Haikuwaka kama balbu. Ndani ya kioo ulitokea uzi mwekundu hafifu, kama kaa linalopulizwa na mtu mvivu, kisha ukatulia kwenye rangi ya machungwa. Mbili zilizobaki zikafuata. Niligusisha kipimo kwenye waya mkuu, nikasoma volti mia mbili na sabini, pungufu kidogo ya hesabu yangu, nikaondoa mkono. Umeme wa kiasi hicho hauna msamaha.

Spika ilianza kuvuma. Baba alikuwa amekaa mlangoni, kwa sababu ndani alikuwa anakosa pumzi. Aligeuza kichwa.

"Inaongea?"

"Bado, baba. Inapumua tu."

"Basi imenishinda mimi," alisema.

Tulikuwa nyumbani kwake, Kenyamonta. Mimi naishi Mugumu, ambako nasuka upya mota na pampu za maji zilizoungua. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Niliipata kwenye vitabu chakavu na kwa kufungua vitu vilivyokufa, nikiandika kila waya ulikotoka kabla ya kuukata. Kwa njia hiyohiyo nilijifunza habari za valvu, zile taa za kioo zilizofanya kazi ndani ya redio kabla ya vifaa vidogo vya siku hizi.

Baba alikuwa na redio ya namna hiyo. Aliinunua Tarime ujanani, alipokuwa mlinzi wa duka lenye umeme, akaileta nyumbani ambako umeme haukuwapo. Kwa miaka mingi ilikaa juu ya kabati ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa, haisemi neno. Umeme wa vijijini ulipofika, mchwa walikuwa wamekula ubao wake na transfoma yake ilikuwa imeoza. Valvu zilikuwa nzima.

Nilizitaka kwa sababu ya kanda moja. Baba alikuwa mpigaji wa litungu, kinanda chetu cha nyuzi nane, na mtu fulani aliwahi kumrekodi kwenye harusi ya jirani. Vidole vyake vilipokakamaa, nilihamishia kanda ile kwenye simu, nikamwekea asikilize. Alisikiliza kidogo, akanirudishia simu.

"Huyu ni mbu," alisema. "Uzi mnene uko wapi?"

Alikuwa sahihi. Ule uzi mnene, unaonguruma chini ya zingine zote, simu haikuweza kuutoa. Nikamwambia nitatengeneza amplifaya kwa valvu za redio yake, yenye spika kubwa, na atausikia uzi wake. Alisema chukua, ila zirudi hapa.

Wakati huo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Daktari wa wilaya alisema moyo umetanuka, na kwamba kipimo kinachotakiwa kiko Mwanza. Dereva mmoja wa Mugumu, mwenye gari dogo ambalo mgonjwa angeweza kulala kiti cha nyuma, alitutajia laki tatu kwenda na kurudi. Nilimweleza baba. Alisema tutaona. Nikaelewa kwamba hataki safari.

Kazi ilinichukua msimu mzima. Sinia la aluminiamu la mke wangu liligeuka kuwa kitako cha kubebea valvu. Mabati ya transfoma nilinunua kwa muuza vyuma chakavu, waya mwembamba wa shaba nikaagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa Mugumu, mzee mwenye asili ya Tanga, ambaye kila nikiingia dukani aliuliza kama mgonjwa wangu ameshakata roho, akimaanisha amplifaya. Nilisuka transfoma kwa mkono, kati ya tabaka na tabaka nikiweka karatasi ya kaki niliyoichovya kwenye mshumaa ulioyeyuka. Nilipokosea hesabu ya mizunguko, nilifumua nikaanza upya. Kila mwisho wa juma nilikwenda Kenyamonta kumwonyesha baba nilipofikia. Aliangalia kwa adabu. Siku moja, nikiwa nalehemu, aliniuliza kama yule dereva bado analo gari lake. Nikamjibu analo, nikaendelea kulehemu.

Mzee wa kwetu hawaombi watoto wake kitu. Anakitaja, basi. Hilo nalijua tangu utotoni.

Jumamosi hiyo valvu zilipowaka, mdogo wangu alitokea. Anachimba dhahabu Matongo, na huja nyumbani akiwa na vumbi la mawe masikioni na mfuko mtupu. Alimsalimu baba shikamoo, akachuchumaa mbele ya sinia, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kwenye kichwa cha valvu kubwa, mahali ambapo kioo kina doa la fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia.

"Mura, hii ni nini?" aliuliza, akiniita kama wanaume wa kwetu wanavyoitana.

Nilimweleza. Nilisema ni madini yanayochomwa ndani ya kioo kiwandani ili yafyonze hewa iliyobaki, maana valvu haifanyi kazi ikiwa na hewa.

"Madini gani?"

"Bariamu."

"Wewe nawe. Mimi nashika zebaki kila siku, na leo unanifundisha rangi yake?"

Alicheka, nami nikacheka. Alisema kule machimboni kuna watu wa mikoa ya mbali wanaozunguka wakiuliza redio za zamani na cherehani za zamani, kwamba ndani yake kuna zebaki isiyopatikana tena duniani, na tone lake ni bei ya nyumba. Nilimwambia ni uongo wa kitapeli uliozeeka. Nikarudia maelezo kwa utaratibu, tangu mwanzo, kama ninavyoandika hapa. Baba alikuwa anasikiliza.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, kwenye mashine ya kanda niliyotaka kuiunga na amplifaya, ulikuwa umelegea, na mwingine ulipatikana Tarime. Jumapili niliondoka kuufuata. Amplifaya niliiacha kwa baba, kwa sababu niliogopa bodaboda na barabara ile zingevunja valvu.

Niliporudi Jumanne, sinia lilikuwa mahali pake. Transfoma ilikuwapo, waya wote ulikuwapo. Matundu matatu ya valvu yalikuwa wazi.

Baba alikuwa mlangoni. Nilimsalimu, akaitikia. Nilimuuliza kama mdogo wangu ndiye aliyezichukua.

"Nimempa mimi," alisema. "Redio ni yangu."

"Hazina zebaki, baba."

"Wewe una uhakika siku zote." Alivuta pumzi mara mbili. "Amesema gari litapatikana. Ile kanda naijua, mura, ni mimi niliyepiga. Nilitaka kwenda Mwanza."

Nilisimama pale na mkanda wa mpira mkononi.

Matongo nilifika jioni, kwa bodaboda. Mdogo wangu nilimkuta amekaa juu ya kiroba karibu na mashine ya kusaga mawe. Valvu zilikuwa mbele yake, au vioo vyake. Hakuinuka. Nilikaa kando yake, akanisimulia bila mimi kuuliza. Mnunuzi alikuja na kitunguu saumu. Inasemekana zebaki ya kweli hukikimbia kitunguu saumu, na ile ya kwenye valvu haikusogea. Mnunuzi akasema ni kwa sababu kioo kinaizuia, wavunje. Wakavunja ya kwanza kwa kisu. Doa la fedha likageuka jeupe papo hapo, kama unga wa muhogo. Wakavunja ya pili taratibu zaidi, ikawa vilevile. Ya tatu waliivunja ndani ya maji.

Najua kwa nini linageuka jeupe. Ni hewa tu, inaingia na kuliunguza. Ningeweza kumweleza.

"Ilikuwepo," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu ikikimbia. Tumeifungua vibaya."

"Mnunuzi yuko wapi?"

"Amekwenda. Amesema tukipata nyingine tumpigie."

Aliokota kipande cha kioo, akakigeuzageuza kwenye mwanga uliobaki. Alisema alikuwa ameshaongea na dereva, kwamba dereva angefika Kenyamonta Alhamisi asubuhi. Aliniuliza kama nina chochote mfukoni. Nilikuwa na nauli. Mke wangu, nilipompigia simu, alisema ndani ya nyumba kuna unga na elfu kumi na mbili.

Alhamisi dereva alifika kweli, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asifike. Baba alikuwa amevaa koti lake la zamani la ulinzi, na viatu, ingawa miguu haikuingia vizuri na kamba zilikuwa wazi. Mdogo wangu alizungumza na dereva pembeni ya gari, akimwomba tulipe zile laki tatu baadaye. Nilimwona dereva akitikisa kichwa, si kwa ubaya. Aliingia garini akageuza. Baba alilitazama gari hadi likapotea nyuma ya migomba, kisha akaanza kuvua viatu, nami nikapiga magoti kumsaidia.

"Mashine yako imeishia wapi?" aliniuliza.

Nilisema imeishia hapo.

Tulipanga kuuza mazao ya shamba tulipie gari, lakini hatukuwahi kuyauza kwa wakati. Baba alifariki mvua zilipoanza, asubuhi, mlangoni pake. Matangani vijana walikodi spika kubwa, wakaniomba kanda ya litungu. Nilikataa, wakapiga mapambio. Mdogo wangu aliposhika koleo kufukia kaburi, hakuna aliyeweza kumnyang'anya hadi likajaa.

Sinia nililirudisha kwa mke wangu, lakini lina matundu. Hulitumia kuanikia dagaa. Transfoma iko chini ya meza yangu ya kazi, nzito, imefungwa vizuri, haina kosa hata moja.

Baadaye nilitafuta risiti, na pale pasipokuwa na risiti nilikumbuka. Nilikuwa nimenunua kidogo kidogo, leo waya, wiki ijayo kapasita, na sikuwahi kujumlisha. Mabati ya transfoma, waya wa shaba, kapasita, risasi ya kulehemu, spika, nauli za Kenyamonta, mkanda wa mpira wa Tarime. Jumla ni shilingi 318,700.