Ndoo za Hema la Kolera

Wakati ule wa vita mabomba ya Kalemie yalikauka, treni ya Kongolo haikuja tena, na mji mzima ukawa unakunywa maji ya ziwa. Kolera ilipoanza, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya aliomba watu wa kujitolea. Nilikwenda. Mume wangu alikuwa amekwama Kigoma na mashua yake, watoto sikuwa nao, na baba yangu alinilea akiniambia kwamba jirani ana haki juu yangu hata kama hasali kama mimi.

Kazi ilikuwa nyepesi. Nilisimama ufukweni tangu asubuhi na chupa ya klori na bomba la sindano lisilo na ncha. Mtu akichota maji, namtilia dawa kidogo kwenye bidoni yake, lile dumu la plastiki, namwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Siku ya pili alikuja jirani yangu, Mama aliyekuwa akiuza ndakala, dagaa wakavu, sokoni. Tuliazimana moto na chumvi miaka mingi. Nilimtilia dawa. Alikitazama kitambaa changu cha kichwa kana kwamba hajawahi kukiona, halafu akaipindua bidoni yote mchangani, mbele ya foleni.

"Wababu yenu njo waliuzisha watu yetu utumwani," alisema. "Leo munatutilia sumu."

"Mama, mimi si jirani yako? Ngoja ninywe mbele yako."

Nilikunywa. Mwanamke mmoja nyuma yake akasema, "Huyu anajua dawa ya kujikinga," watu wakacheka, wakamwaga maji yao pia. Tangu siku hiyo walikwenda kuchota mbele zaidi, pale mtaro wa soko ulipomwagikia ziwani, ili tu wasipite kwangu.

Nilirudi kila asubuhi. Walinirushia vichwa vya samaki. Wazee wa msikiti wetu nao waliniambia ninaiaibisha jamaa, nikae nyumbani. Sikukaa.

Kisha binti wa jirani yangu, mtoto wa miaka minne ambaye alikuwa akija kwangu kula maandazi, akaanza kuharisha asubuhi. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa. Nilikwenda kwenye kilio. Mama yake alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Aliponiona hakupiga kelele.

"Mumutoe," alisema taratibu.

Ndugu zake wawili walinishika mikono wakanivuta hadi barabarani, na kitambaa changu kikabaki mkononi mwa mmoja wao. Nilivuka njia kichwa wazi, watu wote wakinitazama.

Kesho yake muuguzi aliniita.

"Mama, usikasirike. Kazi ya ufukweni utamwachia binti mmoja wa kwaya ya parokia."

"Nimekosa nini, Papa?"

"Hujakosa. Lakini ya kwako wanamwaga. Ya kwake watakunywa."

Walikunywa. Chupa ile ile, dawa ile ile. Wagonjwa wakaanza kupungua, nami nikaelewa kwamba nimewasaidia watu zaidi kwa kuondoka kuliko kwa kusimama pale. Vichwa vya samaki havikuniuma hivyo.

Niliomba kazi nyingine yoyote. Nikapewa ile iliyokosa mtu: hema la wagonjwa. Vitanda vilikuwa na tundu katikati, na chini ya kila tundu ndoo. Nilibeba ndoo hizo hadi shimoni, nikazimwaga, nikazisugua kwa klori mpaka ngozi ya vidole ikababuka. Adhuhuri nilioga, nikavaa kitenge safi nilichokitundika kwenye msumari, nikasali nyuma ya hema, kisha nikarudia nguo zangu zinazonuka.

Jirani yangu aliletwa juu ya mlango uliong'olewa, macho yamezama, midomo imekauka. Nilipomwona nilisikia kitu kama furaha. Mungu anisamehe, lakini kilikuwa furaha. Niliinama kutoa ndoo yake.

"Si huyu," alinong'ona. "Leteni mutu mwingine."

"Mutu mwingine hayuko," muuguzi akamjibu, akitafuta mshipa wa kumwekea maji.

Alifumba macho, akageuza uso upande wa turubai. Kwa siku tatu nilimwaga yaliyotoka mwilini mwake. Usiku wa kwanza nilimpangusa miguu, akairudisha kwa nguvu kidogo aliyokuwa nayo. Sikumpangusa tena.

Siku ya nne aliweza kusimama. Mume wake alimshukuru muuguzi kwa mikono miwili, akamshukuru na binti wa kwaya aliyekuwa amekuja kuchukua chupa mpya. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, ndoo mkononi. Jirani yangu alinipita akishikilia bega la mumewe, na alipofika karibu nami alikusanya kitenge chake ili kisiniguse.

Kabla kitanda chake hakijakauka, walimlaza mzee mmoja kutoka Kabimba. Nikaweka ndoo chini yake.